Aliyehamisha Pampu ya Mbugakavu

Wasafiri wanasema iko nchi iitwayo Kwetukule. Iko mbali sana na hapa, tena upande ambao ndege zetu haziendi, kwa hiyo msomaji asihangaike kumtafuta jirani yake wala mbunge wake humu ndani. Hayumo. Nasimulia kwa nia njema tu, kama mambo yalivyonifikia.

Nchi hiyo huendeshwa kwa sarufi ya Kiingereza, ile ya juu kabisa. Waasisi wake waligundua mapema kwamba katika kauli ya kutendwa jambo linaweza kufanyika bila mtu kulifanya. Barabara huliwa, ghala huchomwa, kura hupotezwa, na sentensi inabaki imenyooka, safi, haina mtu ndani. Walifurahi sana. Wakatunga Sheria ya Kukata Mkia. Mkia, kwa lugha yao ya ofisini, ni kile kipande cha mwisho kinachomtaja mtenda: na fulani. Sheria iliagiza kwamba katika maandishi yote ya serikali mkia ukatwe, na atakayeuacha apelekwe Idara ya Masahihisho.

Kiswahili nacho kina kauli ya kutendwa, tena nzuri tu, na waasisi walikifikiria kwanza. Lakini kilikuwa na kasoro moja kubwa: wananchi walikuwa wanakielewa.

Idara ya Masahihisho yenyewe haikuwa mahali pa mateso, usidhani hivyo. Watu walikwenda na kurudi salama. Mwalimu mmoja alirudi baada ya miezi minane amenenepa kidogo, ila mkewe akimuuliza, "Baba Neema, umekula?" anajibu, "Kumeliwa." Akimuuliza, "Unanipenda?" anajibu, "Unapendwa." Mke alivumilia mwaka mzima, kisha akarudi kwao.

Katika nchi hiyo alikuwepo binti mmoja, Sikudhani Lukwele, mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika Chuo cha Taifa cha Sarufi ya Juu. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya tatu, na alikipata kwa jasho. Mwaka wa kwanza kilimtoa machozi kile kineno kidogo "dhe", ambacho Waingereza hukibandika mbele ya jua lakini hukukosoa ukikibandika mbele ya njaa. Mwaka wa pili alipambana na sentensi za masharti: sharti la kwanza kwa mambo yanayowezekana, la pili kwa ndoto, la tatu kwa majuto. Aliandika mifano ubaoni, kwenye mkono, hata kwenye ukungu wa kioo cha bafu la bweni. Wenzake walimwona amerukwa na akili kidogo.

Kipaji chake kilikuwa kwenye kiima. Ungempa sentensi ya maneno tisini, iliyopindwa kama nyaya nyuma ya redio, angekaa nayo, akaimenya kama mtu anayemenya njugu, mwisho angekuonyesha: "Huyu hapa. Huyu ndiye aliyefanya." Walimu walimsifu kwa sauti ya chini. Chuoni kazi ya mtihani ilikuwa kuficha watu. Kuwatafuta hakukuwa na alama.

Mwaka wa tatu akapelekwa mafunzo kwa vitendo katika Wizara ya Maji na Maelezo ya Maji. Kitengo cha Maji kilikuwa na watumishi wanne na baiskeli. Kitengo cha Maelezo kilikuwa na ghorofa sita.

Mkuu wake alikuwa Bwana Faustini Lyoba, Mkurugenzi wa Kauli ya Kutendwa, mzee mwembamba wa miwani minene aliyekaa kazini miaka thelathini bila kutumia kiima hata siku moja. Siku ya kwanza Sikudhani alimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Imepokelewa," akajibu Bwana Lyoba. Kisha akatazama dirishani. "Chai imehitajika."

"Imehitajika na nani, mzee?"

Mhudumu aliyekuwa akifuta meza aliacha kitambaa hewani. Bwana Lyoba akavua miwani, akaifuta polepole, akairudisha.

"Binti," akasema, "hapa swali hilo haliulizwi."

Sikudhani akaenda kuleta chai. Akajifunza haraka. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa akiandika barua ambazo hata aliyezituma hakujulikana. Mabomba yalipasuliwa. Vibali vilicheleweshwa. Masikitiko yalisikitikiwa. Bwana Lyoba alizisoma, akazigonga muhuri, na mara mojamoja akasema, "Kumeridhishwa," jambo ambalo kwa mtu kama yeye lilikuwa sawa na kupiga vigelegele.

Kisha ikaja kazi kubwa. Waziri, Mheshimiwa Dokta Leopold Chabuma, alitakiwa kusoma bungeni taarifa ya mafanikio ya wizara kwa miaka mitatu, na Sikudhani akapewa majalada yote ayageuze kuwa hotuba.

Huyu Mheshimiwa Chabuma alikuwa msomaji hodari. Alikuwa na sauti nzito kama ya ngoma ya ndani, na matamshi ambayo chuoni yalichezwa kwenye kanda ili wanafunzi wayaige. Alisoma Kiingereza kwa miaka kumi na minne bungeni bila kukosea silabi moja. Kukielewa ni jambo jingine, na hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa sababu muulizaji naye angeulizwa.

Jalada la kumi na saba lilikuwa jekundu, limeandikwa "Mbugakavu". Sikudhani akalishika mikononi, asilifungue.

Mbugakavu ni kwao. Ndiko alikolelewa na shangazi yake, Bi Siwema, dada wa marehemu baba yake. Miaka mitatu nyuma lori la serikali lilikuja asubuhi, likafungua pampu ya kisima, likaondoka nayo. Watu waliambiwa itatengenezwa. Tangu siku hiyo maji yanatoka kwenye bwawa la ng'ombe, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili na nusu kurudi, kwa kuwa ndoo ikijaa miguu hupungua.

Akafungua jalada. Sentensi ilikuwa moja, nzuri mno. Angeweza kuitungia mtihani. Ilisema kwamba pampu ya Mbugakavu ilifunguliwa, ilikarabatiwa na ilihamishiwa mahali palipoonekana pana uhitaji. Nyuma yake ilibanwa karatasi ya njano ambayo mtu fulani alisahau kuitoa: hati ya kupokea mzigo. Mahali palipoonekana pana uhitaji palikuwa shamba la matikiti, na aliyesaini kupokea alikuwa L. Chabuma.

Mchana akatoka nje ya jengo, akampigia shangazi yake simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imekuwa ndogo? Unaumwa?"

"Siumwi. Mkono unaendeleaje?"

"Mkono upo. Wameufunga vizuri, ila sasa nabeba ndoo kwa huu mmoja, basi natembea kama kaa." Bi Siwema akacheka, kisha akakohoa. Wiki mbili kabla aliteleza kwenye tope la bwawani, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. "Na yule mtoto wa Mwanaisha bado kalazwa kwa tumbo. Huku tunakunywa kilekile wanachooga ng'ombe. Wewe vipi na masomo?"

"Nasoma. Shangazi, nimeona jalada la pampu yetu."

"Limesemaje?"

"Limesema imehamishwa."

"Hilo sisi tunalijua, tulikuwepo! Nani kaihamisha?"

Sikudhani akageuka kuangalia kama kuna anayemsikia.

"Si unasoma Kiingereza huko?" akasema Bi Siwema. "Tulikuchangia karanga gunia tatu ukasome. Basi waulize hicho Kiingereza chao, pampu ya watu iko kwa nani. Au hakina neno la 'nani'?"

"Kinalo, shangazi."

"Haya. Mimi naenda bwawani, jua linapanda."

Alirudi mezani, akakaa mbele ya karatasi tupu. Aliogopa, na aliogopa kwa mpangilio, kama alivyofundishwa. Kwa sharti la kwanza: akiandika ukweli, atapelekwa Masahihisho. Kwa sharti la pili: kama angekuwa jasiri, angeandika. Kwa sharti la tatu: kama angaliandika, shangazi yake asingali... Hakuimalizia. Akachukua kalamu.

Hotuba nzima akaiandika kama ilivyotakiwa, kurasa kumi na tano bila mtu hata mmoja. Alipofika ukurasa wa kumi na sita, akageuza kauli. Akakirudisha kiima mahali pake, mbele ya sentensi. Kwa Kiingereza neno lenyewe ni herufi moja tu, husimama wima kama nguzo, na husomwa "ai". Maana yake ni mimi.

Aliyoyaandika, kwa lugha yetu, yangekuwa hivi: "Mimi nilihamisha pampu ya Mbugakavu. Mimi niliipeleka kwenye shamba langu la matikiti. Mimi nawaomba radhi watu wa Mbugakavu. Mimi nitairudisha kabla ya Ijumaa, na nisipoirudisha, polisi waje waichukue. Mimi naliomba Bunge liidhinishe."

Akampelekea Bwana Lyoba.

Mzee alisoma kurasa kumi na tano kwa mwendo wa mtu anayetembea njia ya nyumbani. Kwenye wa kumi na sita akasimama. Akarudia. Akavua miwani, akaivaa. Sikudhani alisikia feni ya darini ikilia kama panya.

"Hii imeandikwa?" akauliza hatimaye.

"Imeandikwa, mzee."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

Bwana Lyoba akachukua kalamu nyekundu. Akainamia karatasi, akaongeza kitu kidogo sana katika mstari wa kwanza, akageuza ukurasa ili binti aone.

"Hapa kumesahauliwa 'dhe'," akasema. "Pampu hii inajulikana."

Akagonga muhuri.

Siku ya hotuba Bunge lilijaa. Redio ya taifa ilirusha moja kwa moja, na wananchi kama kawaida waliacha redio wazi huku wakiendelea na shughuli, maana sauti ya Mheshimiwa Chabuma ilikuwa nzuri kwa kuatamisha kuku. Sikudhani alikaa kwenye jukwaa la wageni, mikono ameifungia chini ya khanga.

Waziri akasoma. Wabunge wakasinzia kwa staha. Kurasa kumi na tano zikapita, kisha sauti ile nene ikapaa:

"Ai!"

Mheshimiwa mmoja wa viti vya mbele akashtuka, akamnong'oneza jirani yake, "Vipi, kajikwaa?"

"Ai!" akaendelea waziri, mkono kifuani, kwa kuwa aliona hapo pana mdundo.

"Hapana," akajibu jirani. "Hiyo ni hisia. Anawaonea uchungu wananchi."

"Ai!"

"Masikini! Mtu mwenye huruma sana huyu."

Balozi mmoja wa kigeni akatoa kidude cha masikioni, akakitikisa, akakirudisha. Kisha akatoa daftari. Lakini ndani ya ukumbi huruma ilikuwa imeshaenea. Kwenye "ai" ya nne wabunge wawili walikuwa wakifuta machozi. Kwenye ya tano Bunge zima likasimama, likapiga meza, na Spika akauliza wanaoafiki waseme ndiyo. Hakuna siku ndiyo ilisemwa kwa nguvu hivyo. Mheshimiwa Chabuma akainama mara tatu, mwenyewe amebubujikwa, ingawa hakujua na nini.

Sasa, katika Kwetukule, jambo likishapitishwa na Bunge kwa sarufi sahihi ni sheria, na makarani wa nchi ile ni watiifu mno. Karani wa Bunge alipeleka azimio polisi. Polisi hawakuhoji, waliona muhuri. Waziri akaletewa amri ya kutekeleza azimio lake mwenyewe, naye akaisaini kwa madaha, akapiga picha na aliyeileta. Alhamisi asubuhi lori likaingia kwenye shamba la matikiti, likafungua pampu. Msimamizi wa shamba alipiga kelele. Sajini akamwonyesha saini.

"Hii si ya bosi wako?"

"Ni yake."

"Basi shika upande huo, tunyanyue."

Ijumaa saa nne maji yalitoka Mbugakavu. Yalianza kukohoa, yakatema kutu, kisha yakaja meupe. Bi Siwema aliweka mkono wake uliofungwa plasta chini ya bomba, ingawa daktari alikuwa amemkataza kuulowanisha, akauacha hapo mpaka plasta ikalainika. Kisha akapiga simu, akaisogeza kwenye bomba. Sikudhani alisikiliza maji.

Jumatatu iliyofuata balozi yule alituma salamu za pongezi kwa waziri, zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Hapo ndipo serikali ilipojua ilichokipitisha.

Ikaundwa Kamati Maalumu ya Ukurasa wa Kumi na Sita. Ilikuwa na wajumbe tisa, mwenyekiti wake akiwa jaji mstaafu mwenye masikio makubwa na subira ndogo. Sikudhani akaitwa. Alikuja na begi lililofungwa tayari: mswaki, sweta, na daftari lake la vitenzi visivyofuata kanuni. Njiani alijaribu kusema kimoyomoyo "mimi ni Sikudhani", aone kama bado inamtoka.

Katibu akasoma hati ya mashtaka. Ilikuwa imeandikwa na kitengo cha Bwana Lyoba, kwa kuwa ndicho pekee chenye mamlaka.

"Hotuba ilibadilishwa," akasoma. "Kiima kiliingizwa. Taifa liliaibishwa." Akageuza karatasi, nyuma hapakuwa na kitu. "Mwisho wa mashtaka."

"Endelea," akasema mwenyekiti.

"Ndiyo mwisho, Mheshimiwa."

"Jina la mshtakiwa liko wapi?"

"Mkia umekatwa, Mheshimiwa. Kwa mujibu wa sheria."

Mwenyekiti akaitisha shahidi. Bwana Lyoba akasimama, amenyooka kama rula.

"Ukurasa huu uliupitia?"

"Ulipitiwa."

"Na nani?" akafoka mwenyekiti.

Wajumbe wanane wakaguna. Mwandishi wa kumbukumbu akaacha kuandika. Katibu akainama, akamnong'oneza mwenyekiti kwamba kifungu cha tatu kinakataza maneno hayo mawili katika kikao chochote cha serikali, na kwamba yeye mwenyewe, kwa masikitiko, atalazimika kumripoti. Mwenyekiti akajifuta jasho. Akaeleza kwamba swali liliulizwa kwa bahati mbaya. Akaulizwa liliulizwa vipi. Ikawa sasa kamati inamchunguza mwenyekiti, na kwa saa mbili Sikudhani alikaa na begi lake magotini akiangalia watu wazima tisa wakimtafuta mtu kwenye sentensi ambazo wao wenyewe walikuwa wamemtoa. Kidogo alitamani kuwasaidia, maana ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote.

Jioni ikatolewa taarifa. Ilisema: "Yaliyotokea yametokewa." Wakaenda nyumbani.

Mlangoni Bwana Lyoba alimpita bila kusimama. Alipofika ngazini akageuka, akajikohoza, midomo yake ikahangaika kama ya mtu anayejaribu kiatu cha ujanani.

"Mi... mimi," akasema, akaonekana kushangaa. "Mimi nimefurahi." Akashuka ngazi harakaharaka, asije akasikika.

Sikudhani akapata shahada yake kimyakimya, bila sherehe. Akapanga chumba karibu na chuo, akabandika tangazo la kufundisha Kiingereza kwa watu wazima. Wiki mbili hakuja mtu. Jumamosi moja asubuhi mlango ukagongwa taratibu, na alipoufungua akamkuta Mheshimiwa Dokta Leopold Chabuma, amevaa kofia ya jua na kandambili, ameshika daftari jipya la mistari na bahasha nene.

Sikudhani akashika mlango, tayari kuufunga.

"Usiogope, binti," akasema waziri. Sauti ile ya redio ilikuwa imepungua, imekuwa ya mtu wa kawaida. "Sikuja kwa ubaya. Matikiti yamekauka yote, basi. Nimekuja kusoma."

"Kusoma nini, Mheshimiwa?"

"Hiki Kiingereza. Nimekisema miaka kumi na minne. Sasa silali. Najiuliza, kama niliyasema yale bila kujua, ni mangapi mengine nimeyasema?" Akaweka bahasha mezani. "Hizi ni hotuba zangu zote. Nataka tuzipitie moja moja. Unieleze nilisema nini."

Sikudhani alimtazama. Hakumwonea huruma, alikumbuka mkono wa shangazi yake. Lakini mtu huyu alikuwa amekuja na daftari, na penseli aliyoichonga mwenyewe, vibaya, ikabaki na ncha mbili. Akamvutia kigoda.

Wakaanza na ya kwanza. Mabomba yalitandazwa, uzinduzi ulizinduliwa. Mwanafunzi akaandika, ulimi nje. Ya pili vilevile, ya tatu vilevile. Hotuba ya mwaka wa nane ilikuwa na muhuri wa Bwana Lyoba uliofifia, na katika ukurasa wa mwisho, juu ya neno moja, kalamu nyekundu ilikuwa imeongeza "dhe" ndogo. Sikudhani alisoma aya ile. Akairudia. Mwandiko wa pembeni ulikuwa wa mwanafunzi mwingine wa mafunzo, wa miaka sita nyuma, asiyemjua.

"Mheshimiwa," akasema, "hapa unasema umejiuzulu."

"Nimefanyaje?"

"Umejiuzulu uwaziri. Na ubunge. Kuanzia siku ileile, saa sita mchana. Umetoa na sababu."

Waziri alilitazama lile neno la herufi moja, limesimama mwanzoni mwa mstari. Aliligusa kwa kidole, kama mtu anayepapasa jino bovu.

"Na Bunge lilisemaje?"

Sikudhani akafunua karatasi ya mwisho. "Limeidhinisha. Kwa kauli moja. Ni sheria, ila hakutajwa wa kuitekeleza."

"Walipiga makofi?"

"Imeandikwa hapa, makofi ya muda mrefu."

Nje mtu alikuwa anauza machungwa kwa kuyapigia kelele. Mheshimiwa Chabuma akafunga daftari, akalifungua tena kwenye ukurasa mpya kabisa, akalamba ncha ya penseli.

"Mwalimu," akasema, "hizo kauli tutazisoma baadaye. Leo nifundishe kukanusha."